Nitumie jina lake la kwenye kitambulisho

Mwanangu mpendwa, mama yangu,

Zamani tulifundishwa kuanza barua kwa kusema sisi huku ni wazima wa afya, hofu na mashaka ni kwako uliye mbali nasi. Tuliandika hivyo hata pale ambapo hofu yenyewe hatukuwa nayo. Safari hii ninayo. Tangu uliposema Jumapili kwamba mwisho wa mwezi huu wa Oktoba unakwenda milima ya Harz kukutana na wale watu wanaojenga treni ndogo za kuchezea, na kwamba utalala nyumbani kwa yule bwana, mmoja wao uliyemjua mtandaoni, Ijumaa na Jumamosi, usingizi wangu ni wa mang'amung'amu. Mama yako analala. Yeye aliuliza kama huko kuna baridi, ukamwambia ipo ila koti unalo, akaridhika.

Naandika kwenye karatasi kwa sababu kwenye simu unanikatisha. Mdogo wako atapiga picha kurasa zote akutumie. Nimeziwekea namba juu, zisome kwa mpangilio, usirukie ya mwisho.

Swali langu ni lilelile la Jumapili. Huyo bwana anaitwa nani? Sitaki jina la mtandaoni. Mtu mzima, ana mke, ana nyumba, anajiita kwa namba ya kichwa cha treni. Mimi namwita Bwana Namba na mdogo wako anacheka, lakini sioni cha kuchekesha. Ukishikwa na homa usiku, nitawaambia polisi wa Ujerumani kwamba mwanangu yuko nyumbani kwa 99 na tarakimu nne? Mnaandikiana tangu mwaka wako wa kwanza wa mafunzo, unajua gundi anayotumia, unajua anavyochanganya rangi ya kutu, hata goti lake linalomsumbua unalijua na umemshauri kiuguzi. Jina aliloitwa na wazazi wake hulijui. Ulisema, "Baba, sijawahi kuhitaji kuuliza." Sasa unahitaji.

Na usinijibu kwa habari za mzee wa Goweko, mkuu wa kituo jirani na changu cha Igalula. Najua utanijibu kwa hizo, ndiyo maana nakuwahi.

Yule nilimjua. Ni kweli sikumwona uso kwa muda mrefu, nilimjua kwa sauti tu kwenye simu ya kituo, lakini sauti ile ilikuwa inapimwa kila siku. Akisema treni imetoka kwake, baada ya muda naiona mwenyewe inaingia kwangu. Akisema njia iko wazi na haiko wazi, watu wanakufa. Igandu mwaka 2002, treni ya abiria iliyorudi nyuma kwenye mlima ikagonga ya mizigo, watu 281. Mtu wa reli hahitaji kuelezwa zaidi ya hapo. Tena mimi na yule tulikuwa na kitabu kimoja cha kanuni, mshahara wetu ulitoka dirisha moja, na mkaguzi aliyenipitia mimi ndiye aliyempitia yeye. Kwa hiyo siku aliposhuka Igalula, mfupi, kofia imemzidi kichwa, sikuwa na haja ya kumuuliza kitambulisho. Mama yako hapa pembeni anasema nikukumbushe na habari ya mabati. Habari ya mabati ni nyingine kabisa, haikuhusiana na simu.

Sasa Bwana Namba sauti yake inapimwa na nini? Hilo ndilo nililotaka kujua kabla sijakusumbua, nikamtuma mdogo wako anitafutie hao watu wa treni ndogo ni watu wa namna gani. Alinikalisha jioni nzima, akasahau na Fizikia yake, ambayo mtihani ni Novemba. (Umkemee wewe, mimi hanisikii.)

Nimesoma habari za kile chama chao kikubwa, FREMO, kilichoanza mwaka 1981. Nimeelewa kwamba hakuna mwenye reli nzima. Kila mtu nyumbani kwake anajenga kipande, labda kituo, labda mita mbili za shamba na daraja, lakini ncha za kipande lazima zifuate vipimo walivyokubaliana, na reli iwe juu ya sakafu kwa sentimeta 130. Siku ya mkutano wanakodi ukumbi, mara nyingi ukumbi wa michezo, kila mtu anashusha vipande vyake kwenye gari, wanafunga bolti, na jioni watu ambao hawajawahi kuonana wana reli moja inayopita vituo kumi na zaidi. Kisha hawaziachii treni zizunguke tu kama mtoto na toi lake. Wana ratiba. Wana saa ya ukutani iliyotengenezwa ikimbie kuliko saa ya kweli, ili siku nzima ya reli iishe kabla ya chakula cha jioni. Kila behewa lina kadi yake, na mzigo una karatasi yake inayosema umetoka wapi na unakwenda kwa nani. Na mkuu wa kituo haachii treni mpaka ainue simu amuulize mwenzake wa kituo kinachofuata, "Unapokea treni namba fulani?" Mwenzake ajibu, "Napokea."

Hapo niliweka miwani mezani. Hiyo ni kazi yangu. Ndiyo kazi niliyofanya mpaka nywele zikabadilika, na mimi nililipwa. Hawa wanachukua likizo, wanalipa nauli, wanachangia ukumbi, ili wakae Jumamosi nzima wakiuliziana kama njia iko wazi. Nilimwita mama yako aje asome. Alisema, "Basi wamekosa kazi kama wewe ulivyokosa tangu ustaafu." Lakini alisoma mpaka mwisho.

Kwa hiyo nimebaki katikati. Moyo unaniambia kwamba mtu anayeomba njia kabla ya kuachia treni, hata treni yenyewe ikiwa ya kushikwa kwa vidole viwili, hawezi kuwa mtu wa ovyo. Tatizo ni kwamba moyo huohuo ndio ulioshauri juu ya mabati. Na kitu kingine: kipande chako kikiwa na kosa la milimita mbili kitaonekana hapohapo kikigusana na cha jirani, behewa litaruka. Mbao zinapimwa. Aliyezibeba hapimwi.

Jina lake, mama. Na la mkewe. Huyo mkewe umewahi kumsikia hata akikohoa?

Nisije nikaonekana sielewi unachofanya. Naelewa kuliko unavyodhani. Uliposema kituo chako, ile Igalula ndogo uliyoijenga, hakiungani na vya wengi ukumbini nilikaa na kalamu. Reli yetu ya Kati ni mita moja kati ya chuma na chuma. Treni zenu ni ndogo mara 87 kuliko za kweli; ukiigawa kwa 87 unapata milimita 11 na nusu, wao wanaita 12. Reli zao kubwa ni milimita 1,435, ukigawa unapata 16 na nusu. Ni lilelile lililokuwa Kidatu, reli yetu ya 1,000 na ya TAZARA ya 1,067 zimelala ubavu kwa ubavu na mzigo lazima uhamishwe. Nikaelewa ndiyo maana umeangukia kwa watu wa Harz. Nao ni watu wa mita moja. Wana kama kilomita 140 za reli ya mita moja kwenye misitu yao, na vichwa vya moshi bado vinafanya kazi ya kila siku, vile vikubwa vya magurudumu matano kila upande yaliyounganishwa, vilivyotengenezwa Babelsberg miaka ya 1954 hadi 1956. Sisi Tabora moshi tuliuaga zamani, na wenye kuujua tunakufa mmoja mmoja.

Jumapili mtapanda na treni hiyo mpaka kilele cha Brocken. Hilo sina neno nalo. Treni ina kondakta, ina tiketi, ina watu. Nimeangalia urefu wa mlima wenyewe: mita 1,141. Sisi hapa Tabora tuko kama mita 1,200 na tunaendesha baiskeli. Usiwaambie hivyo, ni wenyeji wako. Koti vaa hata hivyo, huko upepo ni mwingine.

Neno langu ni usiku wa Ijumaa na usiku wa Jumamosi. Tena nimegundua jambo. Jumapili ya mwisho ya Oktoba ndiyo siku mnayorudisha saa nyuma huko: ikifika saa tisa usiku inafanywa saa nane. Maana yake usiku wa Jumamosi kuamkia Jumapili, ule utakaokuwa chini ya paa la Bwana Namba, una saa moja zaidi ya usiku mwingine wowote wa mwaka. Katika siku zote mmechagua hiyo.

Kwa nini usilale hosteli? Hosteli za vijana zilianzia kwao, kwenye ngome ya Altena, haziwezi kuwa zimeisha. Kama ni hela, sema. Yupo yule beberu mweusi, mteja alishakuja kumtazama. Mama yako anasema beberu ni wa Krismasi na kwamba wewe una mshahara wa mafunzo. Ni kweli unao, na ndiyo sehemu inayonishangaza. Mshahara upo, vichwa viwili vya kuchezea vimenunuliwa, sijauliza bei na usiniambie, lakini chumba cha hosteli ni gharama. Ukuta wa uani umesimama palepale ulipouacha. Silalamiki. Nasema tu umesimama.

Picha za kituo nimezipokea. Niliziangalia kwenye simu ya mdogo wako kwa sababu yangu kioo kimepasuka, nikaziangalia tena. Nilipeleka simu kijiweni nikawaonyesha wazee. Nikawaambia, Igalula hii mnayoiona ipo Ujerumani, chumbani kwa binti yangu, inaingia kwenye masanduku mawili. Mmoja akauliza kama choo cha kituo nacho umekijenga. Nikamwambia umekijenga. Kweli umekijenga? Kama bado, jenga, nimeshasema.

Jengo liko sawa. Mwembe uko sawa ila ni mdogo, uongeze. Kosa kubwa ni mataruma, yale yanayolazwa chini ya reli. Umeyapaka rangi ya mbao. Mataruma ya Reli ya Kati ni ya chuma tangu Mjerumani, kwa sababu ya mchwa, mbao zingeliwa kabla reli haijafika hapa mwaka 1912. Mtu yeyote wa reli akiona mataruma ya mbao Igalula ataondoka. Tafuta ya chuma, hao wa Harz watajua yanauzwa wapi, au paka rangi ya kutu hiyo aliyokufundisha Bwana Namba, hapo atakuwa amefaa kitu.

Na wale abiria. Umenunua watu wadogo wa Kijerumani ukawapaka rangi ya ngozi yetu, kazi ni nzuri, mkono wako haukutetemeka. Lakini wamebaki na mikoba ya ofisini mkononi. Nani alishuka Igalula na mkoba wa ofisini? Wape ndoo. Wape godoro lililokunjwa na kufungwa kamba. Wape kuku, na mama mmoja mwenye madumu ya asali anayekimbilia dirisha la daraja la tatu wakati gadi ameshainua bendera. Mpe na kelele, kama kuna namna.

Hapo ndipo ninapokuja kwa Bwana Namba tena. Ulisema ana Garratt ya daraja la 59, kichwa kikubwa cha moshi, na alitaka kuipitisha kwenye kituo chako. Mwambie hivi, kwa heshima. Zile zilikuwa 34, zilitengenezwa na Beyer Peacock huko Manchester mwaka 1955 na 1956, tani 252 kila moja, na zilikuwa za Mombasa na Nairobi. Urefu wake unapita mita 31, hata kwa kipimo chenu ni kama sentimeta 36, itafunika kituo kizima. Moja iko makumbusho ya reli Nairobi, namba 5918, inaitwa Mount Gelai, na huo mlima uko kwetu, karibu na Ziwa Natron. Nzuri sana. Lakini ikipita Igalula ni uongo, na ratiba yenye uongo si ratiba.

Halafu ukaniambia ulishamweleza, akajibu kwamba ataiacha nyumbani. Sikusema kitu kwenye simu. Nilifurahi. Mtu amenunua kichwa cha thamani ile, anataka kukionyesha, anaambiwa na binti wa miaka 24 kwamba hapo hakikupita, anakubali. Wakubwa zangu wa kazi wengi wasingekubali. Nimempa alama moja. Jina bado.

Yule mwenzenu mwingine wa treni ndogo, wa Papenburg, mwenye picha ya paka, huyo alikuandikia jina lake kamili na mji wake bila kuulizwa. Umeona kwamba inawezekana? Tena huyo namtaka kwa jambo lingine. Papenburg ndiko ilikotengenezwa meli ya Liemba ya Ziwa Tanganyika, kwenye kiwanda cha Meyer, mwaka 1913, wakati huo ikiitwa Goetzen. Wajerumani waliifungua vipandevipande, wakaitia kwenye makasha maelfu, ikaja kwa bahari mpaka Dar es Salaam, ikapakiwa kwenye mabehewa mpaka Kigoma, ambako reli ilikuwa imefika Februari 1914. Ikaunganishwa hukohuko ziwani na kushushwa majini 1915. Mwaka uliofuata wakaizamisha wenyewe ili adui asiipate, lakini kabla ya kuizamisha wakazipaka injini grisi. Waingereza walipoiopoa 1924 ikawa bado inafaa, na tangu 1927 ikasafiri kwa jina la Liemba.

Makasha yale hayakuwa na njia nyingine. Yalipita Igalula. Kama mnatafuta treni ya kupita kwenye kituo chako bila kudanganya, ndiyo hiyo: mabehewa bapa, makasha ya mbao yenye maandishi ya Papenburg, na kichwa kidogo cha moshi mbele. Mtu wa paka ajenge makasha, wewe kituo unacho. Ila kwa mwaka huo uondoe tangi la maji la bati na ile nguzo ya simu ya upande wa sokoni, hizo ni za siku zangu. Nikiwa na nguvu nitakwenda Igalula na futi kamba nikupimie jukwaa tena, vipimo nilivyokupa mara ya kwanza vilikuwa vya kichwani.

Lile sanduku la makopo ya dagaa na vifuniko vya soda, lililokuwa chini ya kitanda cha bibi yako, nasikia umemuuliza tena mdogo wako. Nyumba tuliyohamia baada ya nyumba ya reli ilikuwa ndogo. Vitu vingi havikuingia.

Ya hapa nyumbani. Mama yako presha imeshuka, dawa anameza, chumvi anadai ameacha ila nimemkuta na chumvi. Mvua zinanusa, na bati la jikoni upande wa mashariki halijapigwa misumari, fundi amechukua nusu ya hela na hapokei simu. Mwembe wa uani umezaa mapema, watoto wa jirani wanakula embe mbichi. Mama Shija amefiwa na mama yake mzazi, tulikwenda Usoke kuzika, mama yako alikutaja kwenye rambirambi na mimi nikatoa kwa jina lako, kwa hiyo ukipiga simu mpe pole. Kaka yako amemaliza mkopo wa bodaboda, pikipiki ni yake sasa. Nimemwambia anunue kofia ngumu ya pili ya abiria. Amesema abiria hawaitaki kwa sababu ya nywele.

Tuendelee. Kama utakwenda, na naona utakwenda, maana sauti yako ya Jumapili haikuwa ya kuomba ruhusa, basi usiende mikono mitupu. Vile vitenge alivyofungasha mama yako ulipoondoka, kimoja bado hujakishona. Mpe mke wa Bwana Namba. Yule bwana mpe kahawa, ile ya Kigoma iliyoletwa na binti wa jumuiya. Ukifika nyumbani kwake amkia, kaa, usianze na treni. Waulize watoto wao wako wapi. Saidia kuosha vyombo asubuhi hata wakikataa. Kinywaji kifunguliwe ukikiona, na ukinyanyuka mezani glasi uliyoiacha usiirudie, omba nyingine. Hilo nakuambia hata kama wenyeji ni maaskofu. Mlango wa chumba uwe na ufunguo upande wako. Chaja yako beba, usitegemee ya kuazima, na simu isishuke chini ya nusu. Tiketi ya kurudi Magdeburg iwe mkononi kabla hujaondoka. Treni za huko nazo umesema siku hizi zinachelewa, kwa hiyo usiunge safari kwa dakika tano tano, na zamu yako ya Jumatatu usiiombee ruhusa kwa sababu ya michezo. Wagonjwa kwanza.

Ukumbini, wakikupa zamu ya kukaa kituoni, usikubali kila treni kwa kuwa unaogopa kuonekana mgumu. Njia ya pili ikiwa imejaa, sema imejaa. Wazee wa kazi hupenda kumpima mgeni kwa kumjazia njia. Andika kila treni kwenye daftari ikiingia na ikitoka, muda kwa muda, kwa saa yao hiyo inayokimbia. Daftari hilo usilitupe, nataka kuliona.

Na wakikuuliza baba yako alikuwa nani, waambie. Sina haja ya kujificha kwa namba. Jina langu unalijua, kituo wanakiona mbele yao.

Ninachotaka kabla ya Alhamisi jioni: jina lake kamili, la mkewe, mtaa, namba ya nyumba, namba ya simu ya mezani kama wanayo. Andika na jina la ukumbi. Nakala moja mpe rafiki yako mmoja hapo kwenye mafunzo, yule Mkenya, umwambie saa utakayorudi, na asipokuona aanze kupiga simu bila kuona haya. Usimuulize Bwana Namba kwa kuzungukazunguka. Mwambie, baba yangu alikuwa stesheni masta, bila jina haachii treni. Kama ni mtu wa reli kweli atacheka na atakupa. Akisitasita, lala hosteli, beberu nitamuuza, mama yako nitaongea naye.

Ijumaa piga ukifika, hata iwe saa sita. Jumamosi piga kabla ya kulala, saa nne ya usiku ya kwetu ni saa tatu ya kwenu. Jumapili asubuhi tofauti itakuwa saa mbili badala ya moja, usije ukapiga saa moja ya kwenu ukadhani tunakunywa chai kumbe tuko kanisani. Piga kwa namba ya mama yako. Mimi nitakuwa pale pembeni.

Halafu muulize Bwana Namba, akishakupa jina, kama ana picha za ile mashine ya kuomba njia ya Wajerumani wa zamani, yenye madirisha mekundu na meupe. Nilimsikia mkaguzi mmoja akiisifia na sijawahi kuiona.

Baba yako,
Tabora

Fundi wa bati amepiga sasa hivi wakati mdogo wako anapiga picha. Anataka na ile nusu nyingine kwanza. Usitume kitu, nitamalizana naye mwenyewe.